Mtoto Safarini kutoka Jinja hadi Mombasa

Wazazi wengi ninaowafahamu hapa Jinja, wanapopanga safari ya nje ya nchi, humhesabu mtoto pamoja na mizigo: huambiwa aamke saa ngapi, akae kiti gani na anyamaze wapi, na safari ikiisha huonyeshwa picha alizopigwa. Mimi na mke wangu tuliamua kwamba binti yetu wa miaka tisa, ambaye hakuwahi kuvuka mpaka wowote, awe na kazi ya kufanya tangu tunapofunga mlango. Tulimkabidhi pasipoti yake mwenyewe, cheti chake cha chanjo ya homa ya manjano na daftari la matumizi, naye akajiongezea kopo la nsenene, wale panzi wanaoliwa, wa kukaanga, kwa kuwa msimu wao ulikuwa umepita karibuni na hakutaka kufika kwa jamaa wa Mombasa mikono mitupu.

Kazi hiyo ilianza kuzaa maswali Busia. Kituo cha mpakani pale ni cha pamoja, maana yake anayetoka Uganda kwenda Kenya hukamilisha taratibu za kutoka na za kuingia katika jengo moja lililo upande wa Kenya, na anayerudi huzikamilisha zote upande wa Uganda. Mtu mzima hupita akishukuru kwamba foleni imepungua, lakini binti yetu alisimama mbele ya dirisha na kumuuliza ofisa wa uhamiaji wa Uganda, kwa adabu zote, "Samahani mzee, mbona nimeshafika Kenya na bado sijaondoka Uganda?" Mzee yule alicheka, akamwambia aondoke upesi basi, kabla wenzake wa dirisha la pili hawajaenda kula.

Tulipobadilisha fedha, shilingi moja ya Kenya ilikuwa takriban shilingi 28 za Uganda, na kwa kuwa mweka hazina alikuwa yeye, kuanzia hapo kila kitu kilizidishwa kwa 28. Soda ya shilingi 50 aliiandika 1,400, akairidhia. Maji ya chupa ya hoteli moja ya Nairobi aliyakataa, nasi tukalala na kiu. Naamini alijizoeza kuzidisha katika safari hiyo kuliko katika muhula mzima, ingawa ningependa mwalimu wake asiyasome haya.

Barabara ya kutoka Busia kwenda Kisumu hukata mstari wa Ikweta pale Maseno. Watoto wa Uganda huufahamu mstari huo kwa ziara za shule huko Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka, na binti yetu alikuwa ameamini kwa moyo wote kwamba Ikweta ni mali ya Uganda. Alipousoma ubao wa Maseno alimtazama mama yake kana kwamba tumemficha jambo la ukoo, na hakusema neno mpaka Kisumu.

Kutoka Nairobi tulipanda treni ya Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Katika stesheni ya Syokimau abiria hupanga mizigo yao chini kwa mstari, hurudi nyuma, kisha mbwa wa ukaguzi hupitishwa wakinusa begi moja baada ya jingine. Binti yetu hakuwaogopa mbwa hata kidogo, aliwaogopea nsenene. Mbwa alipopunguza mwendo kwenye begi lake alinishika mkono kwa nguvu, na alipopita aliniuliza kwa sauti ya chini kama nchini Kenya mbwa wamezuiwa kula nsenene. Tulichukua treni ya asubuhi inayosimama njiani, naye akawa anaandika majina ya vituo, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, na katikati yake akawaona tembo wa Tsavo, wekundu kwa udongo wanaojimwagia. Nilipomwonyesha madaraja na vivuko vilivyojengwa ili wanyama wapite chini ya reli, aliuliza nani aliwaambia tembo kwamba njia yao ni ile.

Nyumbani kwa shangazi yangu Mombasa palizuka jambo ambalo sikulitarajia. Mke wangu ni Msoga, na kwetu Jinja mtoto wa kike humpigia mkubwa magoti anapomsalimu. Binti yetu alipiga magoti mlangoni, na shangazi, mtu wa pwani na wa dini, akamnyanyua kwa haraka: "Inuka, mwanangu, magoti hupigiwa Mungu." Mtoto alibaki amesimama, akimtazama mama yake, maana alikuwa ametenda lile tu analosifiwa nyumbani. Wajukuu wa shangazi walimfundisha kutoa shikamoo na kuubusu mkono, akalishika jambo hilo siku ileile, lakini usiku aliuliza kama bibi wa Jinja atakasirika akisikia. Nilimjibu kwamba kila bibi husalimiwa kwa desturi ya nyumba yake, na mpaka leo sijapata jibu lililo bora kuliko hilo. Nsenene, kwa upande wao, walikwepwa na watoto wote hadi mvulana mmoja alipothubutu, na kopo likawa tupu kabla ya alasiri.

Tulipokwenda ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, bahari ilikuwa imekupwa. Mtoto aliyekulia kando ya Ziwa Victoria, ambalo maji yake hayapwi na kujaa machoni pa mtu, alidhani pametokea maafa, na alipoambiwa kwamba bahari hurudi yenyewe alikaa mchangani na daftari lake kuihakikisha. Iliporudi, alikataa katakata kuingia. Tangu akiwa mdogo tumemkanya asikanyage maji ya ziwa kwa sababu ya kichocho, na sasa wazazi walewale walikuwa wanamsukuma majini! Ilibidi nimweleze kwamba konokono wanaobeba vimelea vya kichocho huishi katika maji yasiyo na chumvi, kama ya ziwa, wala hawako katika maji ya chumvi. Alionja tone moja kwa ncha ya kidole, akakunja uso, akaingia mpaka magotini. Kumtoa jioni ndiko kulikokuwa kazi. Kuhusu Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo iko katika orodha ya UNESCO tangu 2011, aliizunguka kwa heshima, akaandika kiingilio, akauliza tunarudi baharini saa ngapi.

Shangazi amekubali kuja Jinja na wajukuu wake likizo ijayo. Binti yetu ameshawatumia ujumbe wa sauti wenye ratiba yote, kuanzia chanzo cha Nile hadi chapati za mayai za barabarani, pamoja na onyo kwamba huku kwetu hakuna kuingia ziwani.