Siku moja kwenye injini ya Beetle: taimingi haisetiwi kwa sikio

Saa 1 asubuhi nafungua gereji, Gerezani, Dar es Salaam. Kumwaga oili, plagi za pikipiki, breki za bajaji mbili. Hadi saa 4 yote hayo yamekwisha.

Saa 4 na nusu inaingia Volkswagen Beetle, injini ya 1600, distributa (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi) ya Bosch 009.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Isogeze hiyo distributa kidogo tu, nina safari."

Anasema injini ikipata moto starta inasukumwa nyuma, na akipanda kilima kwa gia kubwa inagonga kama kokoto ndani ya kopo. Dalili zote mbili zinasema cheche inawahi, yaani taimingi, wakati wa plagi kutoa cheche, iko mapema: mchanganyiko unalipuka na kuisukuma pistoni ambayo bado inapanda. Beetle haina maji wala, kwa kawaida, geji ya joto, kwa hiyo onyo la kwanza laweza kuwa pistoni iliyotoboka.

Aliyeigusa kabla yangu aliiwahisha kwa kusikiliza. Bila mzigo, injini huchangamka cheche ikiwahi, na sikio hudhani imepona. Ninachotaka kujua ni kilichomlazimu kuiwahisha.

Saa 5, na injini bado haishikiki. Valvu zake hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, mwanya 0.15 mm, na zinatangulia pointi, viswichi vya ndani ya distributa ambavyo vikifunguka cheche inaruka. Pointi zinatangulia taimingi. Ukipanua mwanya wa pointi, zinafunguka mapema na cheche inawahi, ukiupunguza, inachelewa. Anayegusa pointi mwishoni ameifuta kazi yake mwenyewe. Namweleza mzee, anatazama saa. "Gari hii ilishinda Safari Rally 1962, leo inashindwa na nati moja?" Beetle ilishinda kweli. Namsogezea kiti kivulini. Baada ya robo saa: "Bado tu?" Bado.

Tukingoja injini ipoe nafungua kifuniko cha distributa. Rota ya 009, kile kipande kinachozunguka juu yake, ukiizungusha kwa mkono kufuata mwendo wa saa lazima isogee kidogo, kisha ukiiachia irudi yenyewe kwa springi. Hii haisogei hata chembe. Vizito vya ndani vimegandiana kwa grisi kavu, hivyo mwendo ukiongezeka cheche haiwahishwi. Gari likakosa nguvu barabarani, yule fundi wa awali akalipa nguvu kwa kuzungusha distributa nzima. Ikawa inawahi hata pale isipotakiwa, wakati wa kuwasha na kwenye kilima.

Naichomoa, naiosha kwa petroli hadi rota inaruka kurudi, kisha matone mawili ya oili kwenye kitambaa kilicho chini ya rota. Yasizidi; oili ikifika kwenye pointi zinaungua.

Mchana umeshapita, mzee kaniuliza mara ya nne, sasa injini ni baridi. Valvu mbili za kutolea moshi zilikuwa zimebana. Pointi mpya, mwanya 0.4 mm.

Sasa taimingi. Puli za Beetle zimebadilishwabadilishwa, alama zake siziamini mpaka nihakikishe pistoni ya kwanza iko juu kabisa. Nikishaipata, nazungusha uzi kwenye puli, naupima, nagawa urefu wake kwa 12: hiyo ni digrii 30. Naweka rangi upande wa kulia wa alama ya juu, maana puli inazunguka kufuata saa.

Kuanzia, naweka digrii 7.5 kabla ya pistoni kufika juu. Taa ya majaribio kati ya waya wa pointi kwenye koili na bodi, swichi imewashwa. Nazungusha distributa kufuata saa hadi taa izime, kisha narudisha polepole hadi iwake. Hapo pointi zimefunguka. Nafunga klampu.

Ila hiyo ni ya kuwashia tu. Kwa 009 kinachoamua ni mwisho wake, pale cheche inapowahi kabisa: taa ya taimingi, injini izidi mizunguko 3,000 kwa dakika, na rangi yangu isimame kwenye mstari wa katikati wa blok. Kati ya 28 na 32 naikubali. Ilisoma 34, nikairudisha hadi 30.

Jua limeshazama tunapotoka kuijaribu, miguu inauma. Haigongi. Ikiwa ya moto inashika mara moja.

"Kumbe ulikuwa unasogeza distributa tu," mzee anasema.

Namwambia airudishe baada ya kilomita 500: kisigino cha pointi mpya hulika haraka mwanzoni, mwanya unapungua, cheche inachelewa. "Nitangoja tena ipoe?" Ndiyo mzee, ilete jioni, ilale hapa.