Siku moja maishani mwangu: mashua iko nchi kavu, yadi ni ya ugenini

Saa 12:00 asubuhi. Mashua ya tanga ikishapandishwa yadini, kitanda kinakuwa mita tatu juu ya ardhi na choo kinakuwa mwisho wa uwanja. Cha ndani hakitumiki. Maji ya kuosha vyombo yanaingia ndoo, maana kila kinachopita kwenye sinki hutokea tundu la ubavuni na kuchirizika pale pale panapongoja rangi. Kabla ya chai nazunguka nguzo za chuma zilizoegemezwa ubavuni na kushika minyororo inayofunga ya kushoto na ya kulia. Uzito umekaa kwenye mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Nguzo zinazuia chombo kisilale tu, lakini zikiteleza kitalala. Hata nguzo ikikaa juu ya sehemu ninayotaka kupaka, siisogezi. Hiyo ni kazi ya watu wa yadi.

Saa 1:00. Msasa namba 80, wa maji. Rangi ya chini ya mashua, ile ya kuzuia viumbe wa baharini wasigande, ina shaba na vumbi lake ni sumu, kwa hiyo barakoa ni ya vichujio, si kitambaa. Yadi nyingi hukataza msasa mkavu bila kifyonza vumbi, basi uliza kwanza. Angalia na umeme: mashine ya volti 120 ikichomekwa kwenye 230 hufa papo hapo. Saa mbili za mikono juu ya kichwa, hazina cha kusimulia.

Saa 3:00. Koki ya maji ya kupoza injini, na hapa ndipo siku inapoliwa. Koki ya zamani ni ya brasi. Ikikwaruzwa kwa kisu inaonyesha wekundu kama waridi: maji ya chumvi yamekula zinki, imebaki shaba yenye vitundu inayovunjika kwa teke. Inatoka, inaingia ya bronzi. Kwenye karatasi ni kazi ya saa moja.

Koki mpya ya robo tatu inchi inaingia kwenye shingo (lile bomba fupi linalopenya ubavu) duru mbili au tatu kwa vidole, kisha inakaza. Mtu mwenye haraka husema imebana vizuri, anatia spana. Haijabana, imegongana. Shingo ni ya Marekani, hesi zake (mikato ya kuzungushia) ni za familia ya NPT, kipimo cha Kimarekani. Koki ya duka la hapa ni BSP, kipimo cha Kiingereza, kama inavyotumika sehemu kubwa ya dunia. Kwa bahati mbaya, katika saizi za nusu na robo tatu zote mbili zina meno 14 kwa inchi, ndiyo maana zinadanganya. Pembe ya jino ndiyo tofauti: 60 kwa NPT, 55 kwa BSP. Kwenye inchi moja udanganyifu unapungua, kwa kuwa meno ni 11.5 dhidi ya 11 na zinakataa mapema. Ukilazimisha na kujaza utepe mweupe, haitavuja leo. Itavuja baharini, injini ikitikisika, nawe umelala.

Kuna kipande cha kuunganisha aina hizi mbili, lakini kinaongeza urefu na kiungio kingine chini ya maji. Sikitaki. Dawa ni kung'oa shingo nayo, na vyote viwe vya familia moja. Ugenini lugha hukwama dukani. Kipande cha zamani mkononi hueleza kuliko maneno, na mchoro kwenye kipande cha boksi humaliza kilichobaki.

Shingo haitoki kwa kuifungua. Kofia yake ya nje inasagwa kwa grenda hadi iishe, kisha inagongwa kuelekea ndani. Mpya inajaribiwa kavu kwanza: hesabu duru, na ikigota ndani ya koki kabla kofia haijalala ubavuni, kata milimita chache za hesi. Kwa ndani kinakaa kibao cha faiba, kisha siliko la poliyurethani (la madirishani halifai hapa), hadi lichungulie kote kwenye ukingo. Mpira wa maji unafungwa klempu mbili. Kizibo cha mbao cha dharura kinaning'inizwa kando kwa kamba.

Sijui ni saa ngapi. Jua limeshahamia upande wa pili. Zile nyufa za shimo la usukani (anapokaa mshika usukani) zilizojazwa epoksi, gundi ya kuchanganya na kigumishi, jana zina utando kama nta. Asetoni haiutoi. Maji na dodoki ndiyo yanayoutoa, kisha msasa, la sivyo tabaka la leo litabanduka. Kuongeza kigumishi ili iwahi ni kuiharibu: epoksi inataka uwiano wa kopo, si zaidi. Na changanya kidogo kidogo, kikombe kilichojaa hupata moto na kuganda mkononi.

Jioni. Zinki mpya (vipande vinavyoliwa na maji ya chumvi badala ya chuma) kwenye shafti ya panga boi, chuma kikiwa kimesuguliwa king'ae, wala hazipakwi rangi. Rangi ya chini ikishamaliza tabaka la pili yamebaki mabaka sita, chini ya vitako vya nguzo. Hayo yanangoja winchi ya kesho, chombo kikining'inia kwenye mikanda. Kopo dogo na brashi vimeshakaa chini ya ngazi.