Safu ya tatu

Kila ikifika Mei 21 simu yangu huita. Mwaka huu aliyepiga ni kijana wa dawati la habari, gazeti lile lile nililolitumikia.

"Shikamoo mwalimu. Samahani kwa usumbufu. MV Bukoba walikufa wangapi hasa? Kila ninaposoma nakuta idadi tofauti."

Nikamwambia aandike kwamba idadi kamili haijulikani, halafu aeleze kwa nini. Meli hiyo, iliyozama Ziwa Victoria Mei 21, 1996, ilikuwa na uwezo wa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443, na waliopanda daraja la tatu hawakuorodheshwa. Akashukuru sana. Ni kijana mzuri, anauliza kabla ya kuandika, na sina kinyongo naye hata chembe. Ila nilipokata simu, ile karatasi ikanijia tena.

Ilikuwa 2021. Ajali ilikuwa inatimiza miaka 25 na mimi nilikuwa nimeomba kurasa mbili. Mwaka 1996 nilikuwa mwandishi wa mkoani Mwanza, nalipwa kwa habari iliyotoka. Nilitaka kurudi, nifike makaburini Igoma, niwatafute waliokuwepo meli iliyopinduka ilipotobolewa ili watu waokolewe, hewa ikatoka, ikazama na watu waliokuwa bado wanagonga kutoka ndani. Mhariri akasema habari za zamani hazibofywi. Siku chache baadaye nikaitwa ghorofani.

Nilimkuta ofisa rasilimali watu, binti mpole, na mwanasheria wa kampuni. "Karibu mzee wangu, kaa." Akaanza kueleza: korona imekata matangazo, nakala haziuziki, kampuni inahamia mtandaoni, inahitaji damu changa. Alisema kwa adabu, macho yake yakiwa mezani. Na mezani palikuwa na karatasi moja.

Ukizoea kusimama usiku mbele ya meza ya mpanga kurasa, unajua kusoma maandishi kichwa chini. Basi nikaisoma. Safu ya kwanza namba. Safu ya pili majina. Safu ya tatu mwaka wa kuzaliwa. 1963. 1966. 1964. 1969, huyo mimi. 1967. Mtu alikuwa amepita na kalamu ya bluu akizungushia miaka, majina hakuyagusa. Nikashusha macho hadi mstari wa mwisho nikimtafuta aliyezaliwa baada ya 1970. Hayumo. Nikatafuta safu inayosema mtu anafanya kazi gani, anaifanya vipi, nani amekesha na kurasa, nani ameliepusha gazeti na kesi za kashfa. Haimo. Hata safu ya elimu haimo, na tangu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake tulikuwa tukiambiwa kwamba tatizo letu ni vyeti. Baadhi yetu tulirudi darasani jioni, tukakaa dawati moja na watoto wa umri wa wanetu, tukaipata stashahada.

Nikamuuliza, "Mwanangu, safu hii ya tatu ni ya nini?"

Akaigeuza karatasi kifudifudi. "Ni taarifa za kawaida tu, mzee wangu." Mwanasheria akawa anatazama simu yake.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Barua, saini, kurudisha kitambulisho. Kiinua mgongo kilipigwa kama sheria inavyoruhusu: mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka wa kazi, mwisho miaka kumi. Miaka iliyozidi kumi haikuhesabiwa. Nilikuwa na miaka 52, hata umri wa kustaafu kwa hiari sijaufikia, na binti yangu yuko mwaka wa pili chuoni. Haukupita muda dawati letu likajaa vijana wa mafunzo kwa vitendo, wengi hawalipwi chochote. Naujua ugumu wa magazeti, nimeuona kwa macho yangu. Lakini anayejifunza kazi wiki ya pili hawezi saa nne usiku kumwambia mhariri mkuu kwamba kichwa hiki cha habari kitatupeleka mahakamani. Kwa kazi hiyo lazima awepo mtu ambaye alishawahi kupelekwa.

Mwenzangu mmoja kati ya wale wa kwenye karatasi alitaka twende wote Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi. Muda wa kupeleka malalamiko ni siku 30. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inataja umri waziwazi katika mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagulia mtu. Kifungu cha 38 kinamtaka ajadiliane na wafanyakazi namna ya kuwachagua wa kupunguzwa. Tulivijua vifungu hivyo, maana tulikuwa tukiviandikia habari za viwandani, watu wa viwandani wakipunguzwa.

Yeye alikwenda. Mimi nilifikiria ada ya chuo ya binti yangu, nikafikiria kwamba ushahidi wangu ni karatasi niliyoiona dakika moja, na nikafikiria kwamba mji huu una magazeti machache na wahariri wake wanajuana. Sikwenda. Walimalizana naye kabla ya uamuzi, kwa masharti asiyoruhusiwa kuyasema. Tukikutana Kariakoo tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto. Sijawahi kumuuliza kama ile safu ya tatu iliwahi kuwekwa mezani, na yeye hajawahi kuniuliza kwa nini sikwenda kuisema.