Montmartre imetugawa

Njia ya Tour de France 2026, yale mashindano makubwa ya baiskeli, imetoka na Montmartre, kile kilima cha Paris, imo tena siku ya mwisho, basi kelele zile zile za 2025 zimerudi: kilima kiwepo au kisiwepo? Mashabiki wa masprinta, wale wa kasi ya mita za mwisho, wamenuna kweli, yaani toka 1975 barabara tambarare ya kumalizia, Champs-Élysées, ni kwao, mwenye jezi ya njano (anayeongoza mashindano) anapiga shampeni njiani watu wanacheka, moto unawaka mwishoni tu, leo unawapandisha Rue Lepic, mtaa wa kupanda Montmartre, mara 3, tena kwenye mawe! Nawaelewa, ila jamani 2025 si mliona wenyewe? Mvua, utelezi, muda wa msimamo wa jumla ulishasimamishwa, Pogačar mwenye jezi ya njano ubingwa anao tayari na bado anashambulia, halafu mpinzani wake Wout van Aert anamwacha palepale kilimani. Gwaride lenu kaeni nalo bana. Mi naona hata mara 3 ni kidogo.