Siku moja maishani mwangu kama refa wa kikapu

Saa 12 asubuhi niko nje nakimbia, mbio fupi fupi za kwenda na kurudi, maana mechi ni robo 4 za dakika 10 na natakiwa nifike mstari wa mwisho kabla mshambuliaji hajarusha, nikichelewa nitaona migongo tu.

Saa 3 nakaa na simu naangalia video, leo nasoma miguu. Kila mechi utasikia "katembea huyo!", yaani kapiga hatua nyingi kuliko anazoruhusiwa akiwa na mpira mkononi, watu wamehesabu hatua tatu tayari wameshapandwa na hasira, lakini kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, tangu 2017 mchezaji akiudaka mpira akiwa kwenye mwendo, mguu uliokuwa chini wakati huo ni sifuri, baada ya hapo ndo inakuja moja na mbili. Kwa hiyo mimi nauliza kwanza mpira kaushika saa ngapi. Narudisha video nyuma, polepole, mpaka naona viganja vimetulia kwenye mpira.

Saa 9 mchana tumeshakutana marefa wote watatu, mechi ni saa 10. Tunagawana uwanja, mmoja chini ya goli, mmoja nyuma ya mashambulizi, mmoja pembeni upande wa pili. Wote tukikodolea mpira, nani ataona watu wanavyovutana jezi?

Saa 11 kasoro, robo ya 3, hapa ndo penyewe. Mshambuliaji anaingia kwa kasi, mlinzi yuko mbele yake, kishindo, wote chini! Uwanja mzima unapiga kelele. Mashabiki walikuwa wanaangalia mpira, mimi nilikuwa namwangalia mlinzi tangu mwanzo. Alimgeukia mshambuliaji? Ndiyo. Miguu yote miwili ilikanyaga chini kabla ya kugongwa? Ndiyo. Kagongwa kifuani? Ndiyo. Na alikuwa nje ya lile nusu duara la chini ya goli, lenye nusu kipenyo cha mita 1.25. Ngumi juu, faulo ya mshambuliaji, naenda mezani kutaja namba, hakuna mitupo huru, mpira unahamia upande wa pili.

Kocha ananijia, "refa, mlinzi alikuwa anasogea!" Ni kweli kocha, alisogea, na anaruhusiwa, akishajiweka sawa anaweza kwenda pembeni, kurudi nyuma au kuruka juu wima, kisichoruhusiwa ni kumfuata mtu kwa mbele na kumgonga. Kanisikiliza, karudi kwenye benchi. Naupenda sana mchezo huu kwa hilo, kila mtu ana nafasi yake kuanzia sakafuni mpaka hewani, kazi yangu ni kuilinda.

Mwisho wa mechi saa inaonyesha sekunde 0.2, mpira unarushwa kutoka nje. Jamaa kaudaka, karusha, umeingia! Nakataa. Chini ya 0.3 huwezi kudaka ukarusha, unaruhusiwa kuugusa tu uende golini au kuupigilia moja kwa moja kwenye ringi. Hilo tulishakumbushana wakati saa imesimama kwa hiyo hakuna aliyesita.

Saa 12 jioni mkuu wetu kashasaini karatasi ya matokeo. Tunabadilisha nguo huku tunabishana kuhusu mgongano mmoja wa robo ya 2, wawili tulipuliza filimbi kwa pamoja, tumekubaliana kesho aliye karibu ndo aanze.