Sweta la Atupele

"Asante, dada. Nitalipeleka stoo, atalivaa mwenye baridi zaidi."

Ndivyo alivyosema mdogo wangu Atupele, anayeishi Rungwe na ndugu wa jumuiya ambao kila kitu chao ni cha wote, na tangu nirudi kutoka huko maneno hayo hayaniachi. Sweta nililifuma mwenyewe usiku baada ya kazi, la zambarau, maana ndiyo rangi yake tangu utotoni. Mnaijua baridi ya kule mwezi wa sita. Nikamwambia, "Atu, nimelipima kwa mwili wako." Akajibu, "Najua, dada. Ni zuri mno." Akalikunja vizuri, akampa mama anayetunza stoo, tukaendelea kumenya viazi. Hakulijaribu hata kidogo. Angelivaa dakika moja tu, akageuka nimwone mgongoni, kisha akalitoa kwa amtakaye, ningerudi Mbeya na amani.



Tangu Atu atoe kipande chake cha shamba la chai kwa wale ndugu, mama yetu hajamsamehe. Wanalima viazi, mahindi na maharage, wanakamua ng'ombe wao, wanasaga unga wao. Mshahara hakuna, mfuko ni mmoja. Kijijini wanasemwa kwamba wanavunja ndoa, kwamba mashamba yote yameandikwa jina la mzee wao. Hilo la mashamba hata mimi nalitaka kwa karatasi, na nilimwambia Atu hivyo. Na tangu habari za Shakahola mwaka 2023, ilipofukuliwa kule Kilifi, Kenya, miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyewaambia wafunge hadi kufa, mama akisikia tu watu wamejitenga, chakula hakipiti. Mimi niliangalia kwa macho yangu: watoto wanakwenda shule ya serikali, wachanga wana kadi za kliniki. Nilimweleza. Hakujibu.

Ila sisi wa Kanisa la Moravian tunasahau upesi. Mwaka 1741 ndugu zetu walianzisha Bethlehem, Pennsylvania, huko Marekani, wakaishi karibu hivyohivyo: kazi bila ujira, chungu kimoja, na jasho lao likawasafirisha wamisionari. Mume na mke walilala mabweni tofauti, watoto wakalelewa pamoja mbali na mama zao, hata uchumba ulipitishwa kwa kura ya bahati nasibu. Walisemwa sana. Mwaka 1762 mfuko wa pamoja ukavunjwa, kila familia ikaanza kujitegemea. Kanisa hilohilo ndilo lililofika Rungwe mwaka 1891 na kumbatiza babu wa babu yetu. Kwa hiyo sitasema Atu kapotea eti kwa sababu hana pochi. Matendo 4:32 ipo, "walikuwa na vitu vyote shirika," na tunaisoma kila mwaka bila kutetemeka. Lakini naamini pale Bethlehem kuna mama aliyelia kwa furaha usiku wa kwanza alipomlaza mwanawe nyumbani kwake. Upendo wa mtu kwa mtu unahitaji mahali pa kukaa, na stoo si mahali pake.

Leo nikipiga pasi nimekumbuka jambo ambalo hasira ilikuwa imelifunika. Baada ya viazi Atu alijilaza mkekani, mchana kweupe, mlango wazi, watu wakipita na ndoo. Akalala. Akakoroma! Mnakumbuka alivyokuwa alipotoka kwa yule mwanaume, alivyoruka mlango ukigongwa, alivyolala amevaa viatu. Nilikaa pembeni yake nikimfukuzia nzi. Kanenepa mashavu. Mikono imepasuka kwa jembe, lakini amenenepa, na alipoamka alicheka kile kicheko chake cha puani nilichodhani kimekufa. Nimeiacha pasi nikalia, na mara hii hayakuwa machozi ya sweta.

Mama sasa anasema jicho la kushoto linaona ukungu hata jua likiwaka. Anaficha, lakini jana alimimina chai nje ya kikombe. Nami kazini ndio kwanza nimehamishiwa dawati la mikopo, ruhusa siwezi kuomba. Anayejua kliniki ya macho inayofungua Jumamosi hapa Mbeya mjini aniandikie, tafadhali.