Nisomee Kwanza, Fundi

Neno la juma: Isaya 49:14-16

"Bali Sayuni alisema, Bwana ameniacha, Bwana amenisahau. Je! Mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, hata asimhurumie mwana wa tumbo lake? Naam, hawa waweza kusahau, lakini mimi sitakusahau wewe. Tazama, nimekuchora katika vitanga vya mikono yangu. Kuta zako ziko mbele zangu daima."

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mwaka jana, mwezi wa saba, ushirika wetu ulichangia mifuko ya chokaa na ndoo za rangi ya mafuta kwa ajili ya mabweni mawili ya gereza moja hapa mkoani Mbeya. Kwa kuwa kupaka rangi ndiyo kazi inayonilisha, wazee wa kanisa wakaniomba niende kusimamia. Wafungwa sita walipangwa kunisaidia. Nimepaka nyumba Uyole, nimepaka maduka Mwanjelwa, nimepaka hata mnara wa kanisa nikiwa nimefungwa kamba kiunoni. Gerezani ilikuwa mara ya kwanza.

Langoni unaacha simu. Halafu unamwaga zana zako chini, zinahesabiwa na kuandikwa: brashi nane, skrepa nne, rola mbili, ndoo, karatasi za msasa. Jioni zinahesabiwa tena. Siku ya pili skrepa moja haikuonekana, tukasimama sote kwenye ubaridi, mimi, wale sita waliovaa sare zao za rangi ya machungwa na afande aliyetusimamia, mpaka ilipopatikana ndani ya ndoo, imezama kwenye chokaa. Hakuna aliyenung'unika. Watu waliozoea kuhesabiwa asubuhi na jioni wana subira ambayo mimi sikuwa nayo.

Mnaijua baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba. Watu wengi wakilala chumba kimoja na madirisha ni madogo, alfajiri ukuta unatoka jasho. Mtu aliyepaka kabla yangu alipiga rangi juu ya ule unyevu, ikavimba malengelenge, ikabanduka, na nyuma yake fangasi mweusi akatanda kama ramani. Hapo hakuna njia ya mkato. Ni kukwangua mpaka kwenye plasta, kuacha ukuta upumue, ndipo upake. Mambo ya Walawi sura ya 14 inaeleza habari hii vizuri kuliko mafundi wengi: nyumba iliyoingia pigo, kuhani anaagiza ikwanguliwe ndani pande zote, kifusi kimwagwe nje ya mji, kisha ipakwe chokaa nyingine. Nasema hili kwa sababu kwenye mahubiri chokaa imekuwa ikitajwa kwa ubaya tu, makaburi yaliyopakwa chokaa, ukuta uliopakwa chokaa. Chokaa haina kosa, wapendwa. Kosa ni kupaka bila kukwangua.

Basi siku ya kwanza tukakwangua, na mimi nikiwa mbele. Tulianza na ukuta wa upande wa mlango. Niliona kuna maandishi, yamechorwa kwa msumari, kwa mkaa, mengine kwa kalamu. Niliyaona kama ninavyoona michoro ya watoto kwenye kuta za shule, yaani uchafu wa kuondoa. Kufikia saa sita ukuta mzima ulikuwa umeshuka chini, umefagiliwa, umebebwa kwenye ndoo. Sijui uliandikwa nini. Hilo nalikiri mbele yenu kama nilivyolikiri mbele za Mungu, maana yaliyokuwa pale hayarudi.

Kesho yake tulihamia ukuta wa ndani. Palikuwa na mzee mmoja, mfungwa, ambaye hakuwa kwenye kundi langu. Alikuwa mgonjwa wa miguu na aliruhusiwa kubaki bwenini. Alikuwa amekaa chini, pembeni ya mahali anapolala. Nilipoinua skrepa juu ya kichwa chake akanishika suruali.

"Fundi, mwanangu, nisomee kwanza."

Nikamwuliza, "Nisome nini, baba?"

Akasema amelala chini ya maandishi yale miaka mingi na hajui kusoma. Alipokuja aliyakuta. Aliwahi kuwauliza vijana, kila mmoja akamwambia chake, wengine kwa utani, akaacha kuuliza. Sasa kama yanaondoka, anataka kujua alikuwa analala chini ya nini.

Nikainama nikasoma. Yalikuwa maneno matatu tu, yamekwaruzwa kwa kitu chenye ncha, herufi za mtu asiyeandika mara kwa mara: MAMA BADO NIPO.

Yule mzee hakusema kitu. Mmoja wa vijana wangu akaweka brashi chini, akasogea, akaanza kusoma lililofuata kwa sauti. Kisha mwingine. Nikamtazama afande nikidhani atatuharakisha, naye akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akasikiliza. Asubuhi ile hatukukwangua hata shubiri moja. Tulisoma ukuta. Majina, na baada ya jina kijiji: Ilembo, Makongolosi, Igawilo, Makete, Kyela. Vijistari vya siku, vitano vitano, vilivyokatwa kwa mstari wa mlalo. Kwa sheria zetu mfungwa mwenye tabia njema husamehewa theluthi moja ya kifungo, na mmoja alikuwa ameifanya hesabu hiyo pale ukutani, kugawanya na kutoa, akakosea, akaifuta kwa kidole, akaanza upya. Mahali pengine Mnyakyusa ameandika Kyala. Chini yake, mwandiko tofauti, mtu wa upande wa Njombe au Iringa ameandika Nguluvi. Chini kabisa wa tatu akaandika Mungu, kana kwamba anawajibu wote wawili. Jina moja, ukuta mmoja, lugha tatu, na huenda waandishi hawakuwahi kuonana.

Wengine waliyatambua majina. "Huyu alitoka kwa msamaha wa Rais, wa Desemba." "Huyu alihamishwa." "Huyu alifia hospitali." Kwa lile la juu ya mzee hakuna aliyejua. Aliyeliandika aliwatangulia wote.

Mchana tukakwangua.

Nimekaa na andiko la Isaya tangu wakati ule. Nilikuwa nikilisoma kama kitambaa cha kupambia sebule, maneno mazuri ya kufariji. Sikuwa nimetazama linasemwa kwa nani. Hawa ni watu walioondolewa kwao, mji wao Yerusalemu umebomolewa na Wababeli, na kuta ambazo Bwana anasema ziko mbele zake daima ni kifusi. Juu kidogo, mstari wa 9, kuna sauti inayowaambia waliofungwa, "Haya, tokeni." Tena tazama jinsi Bwana anavyojibu malalamiko. Sayuni anasema amesahauliwa. Bwana hamkemei kwa kukosa imani. Anataja kwanza upendo ambao sisi wanadamu tunauona hauwezi kushindwa, wa mama anayenyonyesha, kisha anakubali, bila kuficha, kwamba hata huo huweza kushindwa. Kuna wafungwa ambao mama zao wamefariki wakiwa ndani. Kuna ambao mama zao wamechoka, nauli ya kutoka Chunya na aibu ya langoni vimewashinda, na mimi siwezi kuwalaumu. Neno la Mungu halimdanganyi mtu wa namna hiyo. Linamwambia: naam, hawa waweza kusahau. Ndipo linamwonyesha kiganja.

Kuchora katika kiganja ni tofauti na kuandika ukutani. Ukutani fundi anaweza kuja na skrepa.

Sasa niseme lililonilemea kuhusu sisi. Kila Jumapili kwenye maombi tunasema, "Tunawaombea na wafungwa wote magerezani." Nimelisema mwenyewe nikiongoza ibada. Ni koti moja la rangi juu ya watu wote, bila kusoma. Waebrania 13:3 haisemi hivyo, inasema, "Wakumbukeni hao waliofungwa, kana kwamba mmefungwa pamoja nao." Aliyefungwa pamoja na mtu analijua jina lake, anajua anakohoa usiku, anajua anatoka kijiji gani. Katika jumuiya yetu kuna nyumba ambazo kijana wao yuko ndani na tumeacha kumtaja kwa sababu kumtaja kunatia aibu. Tukikutana Alhamisi naomba tumtaje. Kwa jina lake la ubatizo, pamoja na mama yake akiwa amekaa hapohapo.

Nirudi kwenye chokaa kidogo, maana kuna jambo nililieleza kwa vijana wale sita na bado linanifurahisha. Chokaa yetu inatokana na mawe ya chokaa, kama yale ya kule Songwe. Yanachomwa kwenye tanuru, yanaacha hewa yake, yanabaki malegevu. Ukiyatia maji yanachemka yenyewe bila moto; tunaita kuzima chokaa. Ukishaipaka ukutani haikauki tu kama rangi ya dukani. Inavuta hewa, ile hewa ambayo mtu anaitoa akipumua, na kwa hewa hiyo inarudi kuwa jiwe tena, taratibu, kwa majuma. Kijana mmoja akaniuliza, "Kwa hiyo sisi tukilala humu ndio tunaukaza ukuta?" Nikamwambia ndiyo, pumzi yenu inaingia humo. Akaugusa ukuta kwa kiganja kizima, akaniangalia, akaendelea kupaka.

Siku ya mwisho bweni lilikuwa jeupe, chini kijivu cha rangi ya mafuta mpaka kiunoni, harufu ya fangasi imekwisha. Zana zikahesabiwa, zikatimia. Nikaenda kumuaga yule mzee. Alikuwa amelala chali, anatazama pale juu palipokuwa peupe.

"Mwanangu," akasema, "niambie tena. Palikuwa pameandikwaje?"

Nikachuchumaa, nikamwambia. Akarudia polepole, neno baada ya neno, akaniuliza kama amepatia.